Gitaa la Pili Lilisikika: Usiku Wangu wa Benga Kisumu

Mwaka huu nimekwenda mara tatu kusikiliza benga, muziki wa magitaa wa Waluo, ikipigwa ukumbini. Hii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndiyo ya kwanza iliyonikalisha hadi wanabendi walipoanza kukunja nyaya. Naandika sasa, masikio bado yakikumbuka, kwa sababu wenzangu kazini wameniuliza mara nyingi kama kuna haja ya kutoka nyumbani usiku na kulipa shilingi 500 ilhali nyimbo zimejaa kwenye simu. Haja ipo, mradi mitambo ya sauti iwe mikononi mwa mtu anayeijua benga, na bendi yenyewe ijue kuiendesha pakruok, ile desturi ya watu kujisifu katikati ya wimbo.

Majina nayaacha, kwa kuwa ukumbi nitaulaumu kidogo na sitaki mtu akose riziki kwa sababu ya usiku mmoja. Bendi ni ya watu wanane, wengi wao wa umri wa kuwa na wajukuu. Ukumbi ni wa mabati, uko upande wa ziwani, na tuktuk kutoka katikati ya mji ilitutoza shilingi mia.

Nimalizane na ukumbi kwanza. Tangazo lilisema saa mbili usiku, bendi ikapanda jukwaani saa tatu na nusu. Viti ni mabenchi na vigoda vya plastiki visivyo na mgongo, na kwa muziki wa muda wa saa nne hilo ni tatizo kubwa. Nilimwona mzee mmoja akihama mara tatu akitafuta ukuta wa kuegemea. Samaki aina ya ngege wa kukaanga na ugali ilikuwa 600. Alichukua karibu saa nzima kufika, lakini alifika wa moto na mzima, mkia na kichwa. Choo cha wanawake kilikuwa na maji, taa na komeo. Nalitaja hili kwa sababu ndilo linaloamua kama mwanamke atakaa mpaka mwisho au ataondoka saa nne.

Sasa sauti.

Benga ina magitaa mawili yanayozungumza na besi inayokimbia chini yake. Wazee walioujenga muziki huu kandokando ya ziwa walichukua mapigo ya nyatiti, chombo chenye nyuzi nane, wakayahamishia kwenye gitaa. Ndiyo maana mpiga benga hazichapi nyuzi zote kwa pamoja. Anazidonoa mmoja mmoja, kwa kasi, kila noti isimame peke yake. Gitaa la solo linatamka jambo, gitaa la pili linalidaka na kulirudisha likiwa limegeuzwa. Ukiwa mbali, au ukisikiliza kwa simu, unalisikia la solo tu. Kwenye matatu unaisikia besi tu, inakutikisa mbavu. Gitaa la pili ndilo linalopotea daima, na bila hilo benga inakuwa kama simulizi ambayo upande mmoja umekatwa.

Masikio haya niliyapata kwa baba yangu. Mimi ni Mmaragoli, wa upande wa Waluhya, na baba alikuwa mtu wa omutibo, ule upigaji wa gitaa aliotuachia George Mukabi wa Kisa. Kwenye omutibo gitaa moja linafanya kazi zote: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinaimba, na pembeni kuna mtu anayepiga chupa ya Fanta kwa chuma. Baba ndiye aliyekuwa mtu wa chupa. Kwenye harusi alikuwa akinisimamisha karibu na mpiga gitaa na kuniambia nimtazame kidole gumba, nisiutazame mdomo. Nilipoolewa Nyakach, kwa Waluo, na kukutana na benga, nilifanya kama nilivyozoea: nikatafuta nani anajibu.

Saa ya kwanza ya usiku ule sikumpata. Fundi wa mitambo, kijana mwenye bidii, alikuwa amekipandisha kinanda juu sana, na kinanda kinakaa kwenye sauti ileile ya gitaa la pili, kwa hiyo kikalifunika kabisa. Maiki ya mwimbaji ilipiga mluzi kila alipoisogelea spika. Besi nayo ilikuwa inagonga mabati ya paa na kurudi ikiwa imechelewa, hata wachezaji wawili mbele yetu wakashindwa kujua mguu utue wapi. Nilimwambia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu tuliyekuwa naye, kwamba mambo yakiendelea hivi mpaka saa nne na nusu nitaondoka. Akaniambia, "Shemeji, ngoja. Mtazame mzee wa besi."

Mzee wa besi alikuwa na waya mrefu. Katikati ya wimbo, bila kuacha kupiga, aliteremka jukwaani, akapita katikati ya meza, akasimama karibu kabisa na yetu na kuinamisha kichwa. Alikuwa anasikiliza kile tulichokuwa tunasikia sisi. Alikaa pale labda dakika mbili, vidole vikiendelea na kazi kana kwamba si vyake. Halafu akamwita fundi kwa macho, akamwonyesha kwa kidevu: kinanda chini, maiki chini, gitaa lile pale juu. Kijana akafanya. Mzee akatikisa kichwa, akaonyesha tena. Mara ya tatu ndipo aliporudi jukwaani.

Na gitaa la pili likatokea. Mpigaji wake alikuwa kijana mwembamba aliyesimama nyuma ya mwimbaji, sikuwa nimemwona hata sura. Alikuwa akipiga vizuri hivyo tangu saa tatu na nusu, na hakuna aliyekuwa akimsikia. Ukumbi mzima ulibadilika ndani ya wimbo mmoja. Waliokuwa wamekaa wakasimama, na wale wachezaji wawili wakaupata mguu wao.

Jambo jingine ambalo simu haiwezi kukupa ni urefu. Nyumbani kwa wakwe zangu bado kuna sanduku la santuri za marehemu baba mkwe, zile ndogo, nyingi zikiwa za D. O. Misiani na bendi yake, Shirati Jazz. Misiani alizaliwa eneo la Shirati, upande wa Tanzania, mwaka 1940, na alifariki hapa Kisumu kwa ajali ya barabarani Mei 2006. Kwa watu wa rika la baba mkwe, benga ni yeye kwanza, wengine baadaye. Santuri ndogo inabeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili kule. Waimbaji wanamaliza maneno, magitaa yanaanza kupanda, na hapo ndipo sindano inapofika mwisho na mtu lazima anyanyuke kugeuza. Usiku ule niliupima wimbo mmoja kwa saa yangu: dakika 23. Maneno yaliisha kama dakika ya saba. Zilizobaki zote zilikuwa za magitaa na za watu.

Za watu, maana hapo ndipo pakruok inapoingia. Kwa asiyeijua: ni kujisifu, na kuwasifu wako, katikati ya wimbo. Mtu anainua mkono. Mwimbaji anamwona, anawaashiria wenzake, magitaa yananyamaza, inabaki besi na ngoma zikitembea taratibu. Maiki inaletwa mezani. Anayesimama anasema ni wa wapi, ni mtoto wa nani, anajulikana kwa lipi, amekuja na nani. Akimaliza anatoa chochote, siku hizi hata kwa M-Pesa, na magitaa yanalipuka tena kutoka palepale yalipoachia.

Nimeona pakruok ikiuharibu usiku. Mwenye pesa anaishika maiki dakika kumi, bendi inamwogopa kwa sababu ya pesa zake, watu wanakwenda kukaa. Hawa wazee hawakukubali hilo, wala hawakumwaibisha mtu. Aliyezidisha maneno, mpiga ngoma alipandisha mapigo kidogo kidogo mpaka msemaji mwenyewe akajikuta anaufuata mdundo, sentensi zinakuwa fupi, na anamalizia kwa kelele ya furaha. Nilitazama likifanyika mara nne. Kila aliyekaa alikaa akiamini amemaliza mwenyewe.

Mama mmoja wa samaki alisimama, leso kiunoni. Shemeji alinitafsiria, kwa maana Dholuo yangu bado inachechemea yakija mafumbo. Alisema yeye ni binti wa Uyoma, amelea watoto watano kwa omena, yaani dagaa. Bei ikipanda yupo, ikishuka yupo, na ziwa likikasirika bado yupo. Alitoa shilingi hamsini. Bendi ilimpigia sawasawa na aliyetoa elfu mbili, na mwimbaji akaendelea kulitaja jina la Uyoma hadi mwisho wa wimbo. Hapo ndipo niliinua mkono wangu.

Sijawahi kushika maiki mbele ya watu walevi na wasio walevi saa sita ya usiku. Nilisema kwa Kiswahili. Nilisema mimi ni binti wa Maragoli niliyeolewa Nyakach, na simsifu mtu mwingine ila mama mkwe wangu, aliyenipokea nikiwa sijui hata kusalimu kwa lugha yake, akanifundisha kwa santuri za marehemu mumewe, akisimamisha wimbo na kunieleza neno kwa neno. Watu wakaitikia. Nilitoa 200. Mwimbaji akauliza mama yuko wapi usiku huu, nikasema yuko nyumbani karibu na Katito amelala. Akaimba "nyar Maragoli", binti wa Maragoli, mara tatu, kisha akamwimbia mama: mama wa Katito, lala, binti yako amefika salama. Gitaa la solo liliyachukua maneno hayo bila maneno, na lile la pili likayajibu. Shemeji alikuwa anarekodi kwa simu, mkono ukimtetemeka. Nililia.

Kwa haki niseme na burudani ile niliyoenda wiki mbili kabla, kwenye uwanja mmoja wa mji mwingine wa magharibi. Kiingilio 1,000. Msanii mwenye jina kubwa alipanda karibu saa saba usiku, akaimba dakika arobaini juu ya nyimbo zake zilizorekodiwa, kijana mmoja akiwa nyuma ya kinanda ambacho sikuona kama kilikuwa kimewashwa. Watu walicheza, nami sina ugomvi nao. Ila nilichokilipia nilikuwa nacho tayari kwenye simu. Tunaowapenda wanamuziki wetu tuna haki ya kuambiwa kwenye tangazo kama ni bendi inakuja au ni mtu na maiki.

Bendi ya wazee naipa nyota tano bila kusita. Ukumbi tatu, na ile ya tatu ni ya choo na samaki. Ukienda, fika saa tatu, chukua meza ya katikati mbali na spika, na uwe na pesa ndogo ndogo mfukoni. Usiondoke kabla ya saa tano, hata kama mwanzo ni mbovu. Na wenye ukumbi, kama mnasoma: yule kijana wa mitambo anafundishika. Mwiteni mchana bendi ikijaribu vyombo, akae na mzee wa besi saa moja, ili tusilipe saa ya kwanza kwa bure.

Jumapili alasiri tulikwenda Katito, na nikamchezea mama mkwe ile rekodi. Simu ni ndogo na masikio yake yamezeeka, ana miaka 74. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Akaomba irudiwe. Ilipofika pale nilipotajwa alinishika mkono, lakini hakuzungumza mpaka magitaa yalipoanza.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "huyu anayejibu ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia sijui, ila ni kijana. Akasema kwamba mzee wake angempenda huyo. Kisha akauliza wanapiga tena lini, na kama kule kuna viti vya kuegemea, kwa sababu mgongo wake haumruhusu kukaa kwenye benchi.

Jumatatu nilipiga simu ukumbini. Wamesema watamtolea kiti cha ofisini na kumwekea karibu na ukuta, si karibu na spika. Nimeshamwambia: Jumamosi ya mwisho, tutatoka Katito saa kumi.