Wasini: anza na bustani ya mawe, pomboo watangoja

Ukikata safari ya kisiwa cha Wasini hapa Mombasa unauziwa pomboo na sahani ya kaa, bustani ya matumbawe inayoendeshwa na kina mama wa hapo unaambiwa "mkiwahi". Mie nasema geuzeni. Bustani nyota 5, hiyo pakeji ya boti niliyolipia 2, tena nimemhurumia mwenye boti.

Ile bustani ni mwamba wa matumbawe yaliyoota chini ya maji zamani hizo, miaka 100,000 na zaidi, bahari ilikuwa juu kuliko sasa, ikashuka yakaachwa nje yakawa jiwe. Sasa bamvua (maji makubwa) likija maji yanaingia yanalila kwa chini kidogo kidogo, ndo maana utaona majiwe mapana juu, chini yana kiuno, na ukiinama ukiangalia karibu unaona vile vishimo vya nyota nyota vya matumbawe yenyewe viko vile vile, huku kaa wadogo wanachungulia wanarudi ndani. Unapita juu ya njia ya mbao, hukanyagi kitu. Na hapo ndo nimewapenda, maana jiwe lile kali, lakini ukilikanyaga ncha zake zinamegeka, kila mgeni akipanda apigwe picha basi baada ya muda ni kokoto tu. Kijana mmoja alitoa mguu nje ya mbao, mama aliyekuwa anatutembeza akamwambia taratibu "mwanangu, hilo si ngazi", akarudi mbio 😂 Kiingilio si kikubwa, na kinaingia kwa kina mama wenyewe, karo za watoto zinatoka humo.

Sisi wa Mombasa jiwe hili tushalizoea likiwa ukutani, Fort Jesus na nyumba za Mji wa Kale ni hilo hilo, lakini kuliona pale lilipoota ni mambo mengine kabisa.

Haya sasa boti (jamaa simtaji). Laifujaketi zipo, nahodha mcheshi, lakini tulipofika Kisite, mbuga ya bahari, akatupa nanga juu ya matumbawe hai na boya la kufungia liko pale pale linamwangalia! Hiyo ni hifadhi, Kisite hata kuvua hakuruhusiwi, Mpunguti hapo jirani ndo wanavua kienyeji, sasa wewe unayeleta wageni waone matumbawe unayavunja wewe mwenyewe, kesho utawaonyesha nini? Halafu chakula kikachelewa, bustani tukaipita mbio mbio.

Mkienda, vukeni Likoni asubuhi mapema, shikeni gari la Lunga Lunga mshuke njia panda ya Shimoni, muingie mpaka Shimoni yenyewe, mkifika mtafute boti ya wanakijiji hapo gatini, mpatane bei kabla hamjapanda. Ulizeni maji pia, yakipwa mnaona mawe mpaka chini na mizizi ya mikoko. Champali acheni nyumbani, mbao zikilowa zinateleza vibaya.