Nepi za Kufua Katika Mji wa Mgao wa Maji

Kifurushi ninachokitathmini hapa ni cha nepi 12 za kisasa za kufua, zile zenye mfuko wa kuingizia pedi na safu mbili za vifungo vya kubana kiunoni, nilizozinunua katika duka moja la vitu vya watoto mjini Dodoma wiki mbili kabla ya kujifungua. Kila nepi ilikuja na pedi yake kwa bei ya shilingi 9,500, na kwa kuwa muuzaji alinishauri niwe na pedi ya akiba kwa kila nepi, niliongeza pedi 12 kwa shilingi 2,500 kila moja. Jumla ikawa shilingi 144,000. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Kongwa kumsubiri mjukuu, aliichukua moja, akaivuta lastiki ya paja, akaingiza vidole kwenye mfuko, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, uchafu ukiingia humu ndani mtaufuata na nini?" Sikuwa na jibu. Kesho yake alikwenda sokoni Majengo, akarudi na dazani mbili za nepi za kawaida, vile vitambaa vyeupe vya pamba vya mraba ambavyo sisi wenyewe tulilelewa navyo, pamoja na chupi nne za nailoni na pini. Mzigo wake wote ulikuwa wa shilingi 74,000. Ndivyo nilivyopata kuzitumia aina zote mbili kwa mtoto mmoja, kwa maji yaleyale na kwenye kamba ileile, kwa miezi 13 sasa.

Nianze na fedha, kwa kuwa ndilo swali ninaloulizwa na kila anayeziona zimeanikwa. Pampasi (jina tulilolirithi kutoka Pampers, nepi ya kutupa iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1961, na ambalo sasa tunaiita nalo nepi ya kutupa ya kampuni yoyote ile) tulikuwa tukiipata kwa wastani wa shilingi 400 kwa moja tukinunua pakiti kubwa. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku, lakini akishakua kidogo hupungua, na kwa wetu wastani ulitulia kwenye 6, yaani shilingi 2,400 kwa siku au 72,000 kwa mwezi. Upande wa pili, sabuni ya unga na ya mche vilitumaliza shilingi 13,000 kwa mwezi, maji ya bomba kwa ajili ya nepi pekee hayakuvuka 3,000, na pampasi moja ya usiku, ambayo hatukuweza kuiacha, ilikula 12,000. Hiyo ni 28,000. Tofauti ya 44,000 kwa mwezi maana yake ni kwamba nepi za dukani zilirudisha gharama yake baada ya miezi mitatu na siku chache, na zile za mama mkwe kabla ya mwezi wa pili kuisha.

Hesabu hiyo ni sahihi, na ingekuwa hesabu ya mwisho kama maji yangekuwa yanatoka kila siku na kama nepi zingekuwa zinajifua. Kwetu Nkuhungu maji ni ya mgao, na kuna wiki bomba hukoroma tu. Kufua nepi za siku mbili, kuanzia kuzisuuza mkojo hadi suuza ya mwisho, hunichukulia ndoo nne za lita 20, na hapo nimeshajifunza kubana matumizi, kwa kuwa maji ya suuza ya mwisho ndiyo ninayolowekea nepi zinazofuata. Ndoo nne mara 15 kwa mwezi ni ndoo 60. Dumu la lita 20 linaloletwa na kijana wa mkokoteni lilikuwa shilingi 500, kwa hiyo mwezi ambao maji yote ya nepi yamenunuliwa, maji pekee ni shilingi 30,000 badala ya 3,000, na akiba yangu ya 44,000 inashuka hadi 17,000. Kuna na mkono unaofua. Likizo yangu ya siku 84 ilipoisha tulimpata dada wa kazi, na kwa kuwa nilijua kufua nepi si kazi ya kumchomekea mtu kimyakimya juu ya kazi nyingine, tulimwongezea 20,000 kwa mwezi. Ukiiondoa hiyo kwenye 17,000 unapata hasara ya 3,000. Wauzaji wa nepi hizi hupenda kuonyesha jedwali la akiba ya mwaka mzima, lakini katika majedwali yote niliyoonyeshwa sijawahi kuona mstari wa dumu la maji wala wa mshahara wa mfuaji.

Maji yenyewe nayo hutofautiana. Yale ya mkokoteni, ambayo mara nyingi hutoka kwenye visima vya watu binafsi, yana chumvi, na maji ya chumvi hayapatani na sabuni: unasugua, povu linakataa, unaongeza sabuni, na sabuni ya ziada inabaki kwenye nyuzi. Nepi zilizosuuzwa na maji hayo hukauka zikiwa ngumu kama ng'onda, na ni lazima uzifikiche mikononi kabla ya kumvika mtoto, la sivyo zinamkwaruza mapajani. Dawa yetu imekuwa ni kuyahifadhi maji ya bomba kwa suuza ya mwisho tu, na msimu wa mvua kutega ndoo chini ya bati, kwa kuwa maji ya mvua hutoa povu kwa sabuni kidogo mno.

Kwa upande wa jua, Dodoma haina mpinzani. Kitambaa cha mraba kikitandazwa kwenye kamba mwezi wa Septemba kinakauka kabla hujamaliza kuosha vyombo vya chai, na madoa ya njano ambayo sabuni imeshindwa kuyatoa hufifia yenyewe kwa jua la siku mbili tatu. Jiki sikuihitaji hata mara moja, na ni heri, kwa sababu inakula lastiki. Tatizo ni upepo wa miezi hiyo, unaoleta vumbi jekundu hadi ndani ya mikunjo, hivyo tulijizoeza kuanika mapema asubuhi na kuanua kabla ya saa sita, kila nepi ikikung'utwa kwa nguvu. Mvua zinapoanza Desemba mambo hubadilika. Mraba mwembamba bado unakauka kwa vipindi vya jua, ilhali pedi za dukani, ambazo ni tabaka kadhaa za maikrofaiba zilizoshonwa pamoja, hulala na unyevunyevu na asubuhi hutoa harufu ya uvundo. Hapa ndipo swali la mama mkwe lilipojijibu, kwa kuwa mfuko wa ndani nao hukauka mwisho kabisa, tena lazima uugeuze nje ndani ili uone kama kuna kilichobaki kwenye pembe.

Haki yake niipe pia nepi ya dukani. Inavalishika kwa sekunde chache, haina pini, na mtu yeyote anaiweza; mume wangu, ambaye kwenye kukunja mraba alikuwa akitoa kitu kinachofanana na kilemba, aliizoea siku ya kwanza. Kituo cha kulelea watoto kilizikubali bila mjadala, wakati nepi za pini walizikataa, na siwalaumu. Kitambaa kinachogusa ngozi ni laini na hakimwachi mtoto katika hali ya kulowa. Kuhusu kipimo, lebo inasema zinamfaa mtoto wa kilo 3 hadi 15, lakini wangu aliyezaliwa na kilo 2.9 alikuwa na miguu myembamba kiasi kwamba mkojo ulitokea pembeni hata vifungo vikiwa kwenye tundu la mwisho. Zilianza kumkaa vizuri alipokaribia kilo 5. Wiki zote za mwanzo, ambazo ndizo zenye nepi nyingi kuliko zote, tulibebwa na miraba ya Majengo, inayokunjwa kwa umbo la mtoto yeyote.

Kuna kosa moja nililolifanya mwenyewe na ambalo karibu linifanye nizitupe zote. Mtoto alipofika miezi mitatu nepi za dukani zilianza kuvuja kila baada ya saa moja, zikiwa na pedi mbili mbili. Siku moja nilitandaza pedi safi mezani nikaidondoshea tone la maji, na tone likakaa juu yake likiwa duara kamili, likiyumba kama umande kwenye jani la gimbi. Pedi ilikuwa haifyonzi tena. Sababu ilikuwa mafuta ya mgando, ambayo kama mama yeyote wa hapa nilikuwa nikimpaka mtoto kila anapobadilishwa, na ambayo yalihamia kwenye kitambaa yakaziba nyuzi. Nilizifua kwa maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo mara tatu mfululizo, nikajaribu tone tena, likazama. Tangu hapo mafuta ya makalioni tunapaka kidogo sana, tena tukiweka kipande cha khanga kuukuu juu ya nepi kama kizuizi, na dawa za kulainisha nguo tumeziacha, kwa kuwa nazo huacha utando uleule.

Ubora wa utengenezaji haukunifurahisha. Kufikia mwezi wa saba nepi tatu kati ya 12 zilikuwa zimeng'oka vifungo, na karibu zote zimelegea lastiki ya mapajani. Niliporudi dukani nilionyeshwa kibao cha mali iliyouzwa hairudishwi, jambo nililolitegemea. Ambalo sikulitegemea ni muuzaji kuniambia kwamba kosa ni langu kwa kuzianika juani, wakati siku ya kuuza alinisifia jua la Dodoma. Ni kweli kwamba ule utando usiopitisha maji unakakamaa na kupasuka ukichomwa na jua kali kila siku, na hauvumilii pasi hata kidogo. Ganda la nje linapaswa kuanikwa kivulini na pedi peke yake juani. Lakini hilo lilipaswa kuandikwa kwenye lebo. Fundi cherehani wa mtaani alibadilisha lastiki za nepi sita kwa shilingi 1,500 kila moja, na kazi yake imedumu kuliko ya kiwandani. Miraba ya pamba haina cha kung'oka, na huipiga pasi ya moto kama nguo nyingine, desturi ambayo wazee wetu waliifuata kwa sababu nzuri, kwani wapo inzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia kwenye ngozi.

Muuzaji alinieleza pia kwamba ninaokoa mazingira. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza wa mwaka 2008 ulikuta kwamba kwa miaka miwili na nusu ya mtoto nepi za kutupa zinasababisha hewa ya ukaa ya takribani kilo 550 na za kufua kilo 570, na kwamba kinachoamua ni namna unavyofua na kukausha. Huko wana mashine za kukaushia zinazotumia umeme. Kwetu kuna kamba, kwa hiyo mizani inaelemea upande wetu. Ninachokiona kwa macho yangu, hata hivyo, ni pampasi zilizochanwachanwa na mbwa kwenye korongo nyuma ya nyumba siku ambayo gari la taka halikupita.

Dada wa kazi, ambaye maoni yake nayaweka juu ya yangu kwa kuwa ndiye afuaye, hakuwahi kulalamika. Niligundua tu kwamba nepi za vifungo zilikuwa zikikaa kabatini zimepangwa vizuri, huku miraba ikizunguka kutoka kambani hadi kwa mtoto bila kupumzika. Nilipomuuliza alisema, "Dada, ile ya mraba inachukua ndoo moja pungufu." Nilipima, nikakuta ni kweli: tatu kwa nne.

Kwa mtoto ajaye nitanunua dazani mbili za miraba, chupi tano za nailoni, na nepi nne tu za vifungo kwa ajili ya kituo na safari. Pini nitachukua zile zenye kofia ya plastiki inayojifunga, kwa kuwa zile za chuma kitupu zimeshaanza kutia kutu.