TAHADHARI: wazazi wa Arusha na Moshi, huyu anayejiita dokta wa "kutoa ugaga" kwa watoto kaeni naye mbali

Habari zenu wazazi wenzangu, naandika hasira bado haijaisha kwahiyo mnisamehe nikirukaruka. Kuna jamaa anajiita dokta wa meno, ana kachumba kake juu ya maduka huku mjini Arusha, anajitangaza kwenye magrupu ya wasap kwamba meno ya mtoto anayafanya meupe kwa siku moja. Nimepigwa elfu themanini na hiyo hela ndo kitu kidogo kwenye hii stori.

Sisi tunakaa Maji ya Chai, na mnaotoka huku mnajua, meno ya kahawia kwetu ni kama kitambulisho, ukifika Dar ukicheka tu wanakuuliza wewe wa Arusha eeh. Dogo langu ana miaka 9, meno ya mbele ya ukubwani yametoka na mabaka, shuleni wakaanza kumtania mpaka akawa akicheka anaziba mdomo na mkono. Hapo ndo nikakosa akili tukapanda kifodi. Jamaa kaangalia kidogo tu, hajauliza tunakunywa maji gani, akasema "mama huu ni ugaga uliokomaa, huyu hapigi mswaki". Nikaona aibu mimi! Akapaka kitu cha majimaji kinanuka kama siki kali, mtoto analia kinachoma, yeye anasema ndo dawa inafanya kazi hiyo, na glovu ni zilezile alizopokelea simu. Halafu akataka kung'oa na jino la nyuma lenye kitobo, eti la utoto hilo litaota lingine, elfu ishirini ya juu. Nashukuru Mungu hela ilikuwa imeisha.

Jioni ufizi ukawa mweupe kama umeunguzwa, uji wenyewe mpaka upoe kabisa. Kesho yake nikampeleka hospitali ya serikali, tukakuta dokta dada mmoja mpole kweli, akampa mtoto kioo ashike mwenyewe aone kinachofanyika, ndo akanielewesha kwamba ile rangi sio uchafu. Ni floraidi, aina ya madini iliyopo kwenye maji ya huku kwetu chini ya mlima Meru, inaingia kwenye jino wakati bado linajengeka ndani ya ufizi, kwahiyo linatoka limeshaharibika rangi, hata upige mswaki mara kumi haitoki, na ile asidi ya jamaa kazi yake ni kula tabaka gumu la juu ambalo likiisha halirudi. Kurekebisha muonekano kunawezekana ila kwa dokta mwenye vifaa na sio kwa pupa. Na lile jino la nyuma jamani, ni la ukubwani! Linaota mtoto akiwa na kama miaka 6, nyuma ya yale ya utoto, wala halisubiri jino lolote ling'oke, ndo maana wengi tunalidhania la utoto. Akaliziba likaisha. (Na kuchemsha maji hakutoi floraidi, mi miaka yote nachemsha najiona mjanja, mdogo wake sasa hivi tunamkingia ya mvua.)

Nikarudi kwa jamaa kudai hela yangu. Risiti hakunipa, hela nilituma kwenye namba ya simu ikatoka jina la mwanamke, nikamuuliza kule Baraza la Madaktari Tanganyika amesajiliwa kwa namba gani, akaanza kufoka eti namdharau, mbele za watu. Cheti ukutani hakuna, kuna kalenda tu na picha ya meno meupe ya mzungu. Taarifa nimeshapeleka kwa mganga mkuu wa jiji, ila juzi nimeenda nimekuta pamefungwa na jirani anasema kahamishia vitu Moshi, ndo maana nawatag na nyie wa huko.

Ukiona tangazo lake lina picha mbili, moja ya meno ya kahawia na nyingine meupe, yale ya kahawia ni ya mwanangu. Yale meupe sijui kayatoa wapi.