Deni la Wachoctaw: Kulilia Bungeni au Kwenda Mahakamani?

Mkataba wa 1830 wa Dancing Rabbit Creek uliwaondoa Wachoctaw, taifa la wenyeji asilia wa Amerika, kutoka Mississippi, na serikali ya Marekani ikaiuza ardhi yao. Baadaye wakadai: fedha za mauzo, zikitolewa gharama, ni zetu. Walikuwa na njia mbili.

Bungeni, mwanzo ulitia moyo. Mwaka 1859 Seneti iliamua kuwa walistahili, na hesabu ikafika dola 2,981,247.30. Mwaka 1861 zikaidhinishwa dola 500,000: nusu taslimu, nusu hatifungani. Taslimu ililipwa, hatifungani hazikutolewa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Mjumbe wao Peter Pitchlynn alibisha milango ya Washington miaka nenda miaka rudi, mpaka akafia huko 1881. Njoo kesho, njoo kesho.

Mahakama nayo haikuwa wazi kwao. Hawakuweza kuishtaki serikali bila ruhusa ya Bunge, na ruhusa ikaja mwaka huohuo wa 1881. Mahakama ya Madai, inayosikiliza madai dhidi ya serikali, ikawapa sehemu ndogo tu ya walichodai. Wakakata rufaa, na Novemba 1886 Mahakama ya Juu ikarudi kwenye hesabu ya 1859, ikapunguza dola 250,000 zilizokwisha kulipwa. Jaji Matthews alizingatia kwamba pande hizo mbili hazikuwa na nguvu sawa.

Mimi ningechagua mahakama, ingawa mlipaji alibaki Bunge lilelile: fedha zilitoka 1888, na mawakili wakamega fungu nono.