Boksi la askari wa miguu wa Prussia: sanamu safi, kazi iko kwenye matayarisho

Boksi hili la plastiki laini, kipimo cha 1/72, ni la michezo ya vita ya mezani, na lina askari 48 wa miguu wa Prussia (dola ya zamani ya Kijerumani) wa Vita vya Miaka Saba (1756–1763). Uchongaji ni wa hali ya juu: kofia za pembe tatu zimekaa sawasawa, mikunjo ya makoti inashika rangi, hata mkia wa nywele mgongoni unaonekana bila lenzi. Kasoro ni mgawanyo wa mikao. Wanaofyatua bunduki wamezidi, walio mwendoni ni 12 tu, ilhali nguvu ya jeshi la Frederick II, mfalme wa Prussia, ilikuwa mwendo. Batalioni moja ya askari 24 wanaotembea itakugharimu maboksi mawili.

Rangi ndiyo inayowashinda wengi. Plastiki hii huja na mafuta ya kalibu, tena hupinda, basi rangi hubanduka kwanza kwenye bunduki na singe. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki, acha zikauke usiku kucha. Singe iliyopinda itumbukize kwenye maji moto, inyooshe, kisha itie papo hapo kwenye maji baridi. Halafu paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, nusu kwa nusu. Ikikauka huacha utando unaonyumbuka pamoja na plastiki. Ndipo uweke akriliki: buluu iliyokoza kwenye koti, nyekundu kwenye mapindo.

Vanishi ya kupuliza ni hatari kwa Mombasa. Unyevu wa masika huigeuza ukungu mweupe juu ya ile buluu, na kuuondoa ni taabu. Tumia vanishi ya maji kwa brashi, tabaka mbili nyembamba. Ukilazimika kupuliza, ngoja siku kavu, baina ya saa saba na saa tisa mchana. Supagluu nayo haishiki vizuri kwenye plastiki hii: mkono ukikatika, toboa pande zote mbili uunge kwa kipande cha pini.

Vitako vya kusimamishia askari nikate vipi? MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) yenye unene wa milimita 3, vipande vya milimita 40 kwa 30, askari sita kila kimoja. Vinne ni batalioni, upana sentimita 16. Batalioni halisi ilienea kama mita 150, kwa hiyo milimita moja mezani ni mita moja uwanjani, na risasi ya mita 100 inaishia sentimita 10. Hesabu tamu, ila haibebi pigano zima la Leuthen, kati ya Frederick na Waaustria (5 Desemba 1757): safu ya Waaustria ilizidi kilomita 6, na meza ya sentimita 180 haifiki hata mbili. Pigania ua wa kanisa la kijiji peke yake, au kila batalioni ya mezani iwakilishe brigedi, yaani kundi la batalioni kadhaa.

Ukichagua brigedi, tandika kitambaa kizito cha Biashara Street na upange vitabu chini yake. Bila vilima, Frederick hana pa kuficha mwendo wake kuelekea ubavu wa kushoto wa Waaustria. Mizinga itafute kando, maana boksi halina hata mmoja, na pale Leuthen mizinga mizito ilifanya kazi kubwa.