Deep Rock Galactic: gemu iliyotuweka kikosi kimoja mimi na Baraka

Mchana naweka hesabu za duka la vifaa vya ujenzi huko Industrial Area. Nikifika Donholm, watoto wakishalala na vyombo vikishaoshwa, nabaki na saa moja ya kucheza, au mbili kama kesho yake ni Jumapili. Baraka, mtoto wa kaka yangu, anasoma chuo Juja, na akishika gemu huiachia alfajiri. Tulitafuta kwa muda mrefu gemu ya mtandaoni ya kucheza pamoja, na Deep Rock Galactic ndiyo iliyotufaa. Nataka kueleza kwa nini, maana naona waundaji wengi wa gemu bado hawajalifumbua fumbo hili.

Tulianza na gemu moja maarufu ya risasi kwenye simu. Gemu za aina hiyo humpa kila mchezaji alama za uwezo. Akishinda zinapanda, akishindwa zinashuka, na anatafutiwa wapinzani wenye alama zinazokaribiana na zake. Wazo ni la zamani. Arpad Elo alilitengeneza kwa wachezaji wa sataranji, hata intaneti haijaingia majumbani. Kwa watu wasiojuana linafanya kazi vizuri sana. Lakini mimi na Baraka tukiingia kikosi kimoja, wapinzani tuliokuwa tunaletewa walikuwa wa kumtosha yeye. Nilikuwa naangushwa kabla sijaona risasi imetoka wapi, halafu dakika zote zilizobaki namtazama Baraka akicheza. Naye akawa anajizuia ili nisiachwe nyuma. Tulikuwa wawili, na hakuna aliyekuwa anafurahi.

Deep Rock Galactic ni kazi ya Ghost Ship Games wa Copenhagen, Denmaki. Ilitoka rasmi Mei 2020, baada ya zaidi ya miaka miwili ya kuuzwa na kuchezwa huku ikiendelea kujengwa. Ninyi ni vibete wachimba madini, kuanzia mmoja hadi wanne. Mnashushwa ndani ya sayari ya Hoxxes, mnachimba mlichotumwa, mnapambana na wadudu wakubwa mfano wa buibui, kisha mnakimbilia chombo cha kuwatoa. Hampigani ninyi kwa ninyi. Mkifaulu ni wote, mkishindwa ni wote.

Ugumu mnauchagua wenyewe kabla ya kila safari, kuanzia kiwango cha 1 hadi cha 5. Kadiri mnavyopanda, wadudu wanakuja wengi zaidi, wanauma zaidi na wanachelewa kufa. Hilo si jambo geni. Kilichonifanya niiheshimu gemu hii ni kwamba urefu wa safari ni kipimo kingine kabisa, na utata wa mapango ni kipimo cha tatu. Ramani inakuonyesha vyote kabla hujashuka. Naweza kuchukua kazi fupi, ya dakika 20 hivi, nikaichezea kwenye kiwango cha 4 kwa sababu leo nina nguvu. Au nikachukua kazi ndefu kwenye kiwango cha 2 Jumamosi usiku, nikazunguka mapango taratibu nikitafuta dhahabu.

Hapa ndipo waundaji wengi wanapokosea. Wakisikia mchezaji wa kujifurahisha, wanamfikiria mtu asiyeweza, basi wanampunguzia maadui na kumwekea mishale ya kumwelekeza kila kona. Mtu mwenye saa moja si lazima awe dhaifu. Mimi kinachonibana ni muda. Sitaki kufanyiwa wepesi. Nataka nikianza jambo nilimalize kabla sijasinzia. Na mchezaji sugu kama Baraka hataki tu kuumizwa, anataka ustadi wake uonekane una maana. Haya ni mahitaji mawili tofauti, na ukiyapima kwa rula moja unawapoteza watu wote.

Ukicheza peke yako, unapewa droni iitwayo Bosco. Inachimba ukiielekeza, inapiga risasi, na ukianguka inakuja kukuinua. Idadi ya wadudu nayo inafuata idadi ya wachezaji. Nimecheza hivyo usiku mwingi ambapo Baraka ana mtihani, wala sikujihisi nimepewa nusu ya gemu.

Sasa kuhusu zawadi, maana ndipo ubaguzi hujificha. Ukicheza viwango vya juu unapata pesa za gemu na alama za uzoefu haraka zaidi. Lakini hakuna bunduki wala vazi lililofungiwa kwenye kiwango cha 5 peke yake. Vyote anavyovipata Baraka nami nitavipata, ila nitachelewa. World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya maelfu ya watu kwa pamoja, ilikumbana na tatizo hili kwa upande wake: mapambano makubwa ya mwisho, yaliyogharimu kazi nyingi kuyatengeneza, yalikuwa yakionwa na sehemu ndogo tu ya wachezaji, na mwishoni mwa 2011 ikaongezwa njia nyepesi ya kuyaingia pamoja na watu usiowajua. Nadhani ulikuwa uamuzi sahihi. Hawa wa Denmaki waliijenga gemu yao ikiwa na mlango huo tangu mwanzo.

Na kwa wale sugu hawakukaa kimya. Mwaka 2024 waliongeza vipimo vya hiari juu ya kiwango cha 5: unaongeza wadudu, unawaongezea kasi, unachanganya unavyotaka. Wangeweza kukifanya kiwango cha 5 kiwe kigumu zaidi kwa wote. Badala yake wakamwacha anayetaka mateso zaidi ajiongezee, bila kumgusa aliye chini yake.

Lakini hata viwango vyote hivyo visingetutosha mimi na Baraka bila mgawanyo wa kazi. Kuna vibete wa aina nne. Mpelelezi anarusha kamba akapaa hadi darini na kufyatua taa zinazomulika pango zima. Mtoboaji anakata njia moja kwa moja ndani ya mwamba. Mpiga bunduki ana risasi nyingi, ngao na kamba ya kuvukia makorongo. Mimi ni fundi: nasimamisha bunduki zinazojifyatulia zenyewe, na nabandika majukwaa ukutani. Baraka akiwa mpelelezi anaweza kupaa hadi kwenye mshipa wa madini ulioko juu kabisa, ila bila jukwaa hana pa kusimama, anaporomoka.

"Shangazi, niwekee hapo juu kushoto," ananiambia.

Naweka. Anapaa, anachimba, tunasonga. Kuweka jukwaa hakuhitaji vidole vya kijana wa miaka 20. Kunahitaji kuangalia na kufikiri, na hivyo ninavyo. Kwa hiyo hata kwenye kiwango cha 4, ambapo yeye ananizidi kwa kila kitu cha kulenga na kukwepa, ananihitaji kwa dhati. Hanibebi.

Kuna kanuni moja ndogo ninayoipenda kuliko zote. Kazi ikiisha mnapewa dakika chache kukifikia chombo, na akifika mmoja tu, safari imefaulu. Siku moja tulikuwa wanne, wawili ni wageni tusiowajua. Baraka na wale wawili wakaangushwa njiani, na wadudu wakajaa pangoni. Mimi nilikuwa nyuma kwa sababu ya mwendo wangu, nikapita pembeni kwenye tundu alilokuwa ametoboa mmoja wa wale wageni, nikapanda chombo. "Usirudi kutuinua, Shangazi! Ingia tu!" Niliingia, na wote wanne tukahesabiwa ushindi. Nilitetemeka mikono kwa furaha.

Na wageni hao hatukuzungumza nao neno. Kuna taa ya leza ya kuonyeshea vitu; ukimulika madini au adui, wenzako wote wanaona. Inatosha.

Yapo ya kuangalia kabla hujanunua. Kutoka kiwango cha 3 hadi cha 4 ni hatua ndefu, na kwa maoni yangu palihitaji ngazi moja ya katikati. Viwango vya 4 na 5 havifunguki siku ya kwanza, jambo ambalo mchezaji sugu aliyehamia kutoka gemu nyingine atalivumilia kwa shida. Baadhi ya watu wanaofungua vikao vya kiwango cha 5 humtoa mgeni mara wakiona namba ya ngazi yake ni ndogo. Na toleo la Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, halikutani na lile la Xbox wala la PlayStation, kwa hiyo nunua pale walipo wenzako.

Bei yake ya kawaida kwenye Steam ni dola 29.99, na hupunguzwa mara kwa mara, subiri punguzo. Mimi nililipa kwa kadi pepe ya M-Pesa bila shida. Hakuna masanduku ya bahati nasibu, na vitu vya ziada vinavyouzwa ni mapambo tu. Haili nafasi kubwa kwenye diski ukilinganisha na gemu za siku hizi, na michoro yake yenye pembe pembe inakwenda hata kwenye mashine isiyo na nguvu.

Jambo la mwisho ni muhimu kwetu tulio huku. Gemu haina seva kuu ya kuchezea. Mmoja wenu ndiye mwenyeji, na wengine wanajiunga kwenye mashine yake. Ukiingia kikao cha mtu aliye Ulaya utaona wadudu wakirukaruka kwa sababu ya umbali. Fungua kikao chako mwenyewe, uweke nenosiri kama hutaki wageni, uwaite ndugu zako walio Juja, Mombasa au Kisumu. Anza na kiwango cha 2, safari fupi. Na kama nyumbani kwenu kuna mtu wa aina ya Baraka, mwambie kuna mteremko (Deep Dive), yaani safari ya hatua tatu mfululizo, ulio sawa kwa wachezaji wote wa dunia, na hubadilishwa kila Alhamisi saa nane mchana kwa saa za hapa, au saa tano asubuhi kwa saa za UTC.