Tangi la fundi vioo wa Ngamiani: limewaweza mbuna?

Anayefuga mbuna anaijua kero yao: jioni unapanda mmea, asubuhi unaukuta unaelea. Samaki hawa wa Ziwa Nyasa huchota mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni, hasa dume anapojichimbia makao chini ya jiwe. Kwa hiyo nilipompa kazi fundi vioo mmoja hapa Ngamiani, Tanga, sharti lilikuwa kioo cha chini kiweze kubeba mawe.

Niliagiza sentimita 120 kwa 45 kwa 45. Likijaa pomoni ni kama lita 243, yaani maji peke yake yana kilo 243, mawe bado! Fundi akatumia kioo cha milimita 10, akazungushia ukanda wa kioo ukingoni juu ili mbavu zisitanuke. Silikoni imepakwa safi, haina mapovu, na halijavuja hata tone. Hapo nampa maksi zote, na bei ilikuwa nafuu kuliko kuagiza Dar ukijumlisha usafiri.

Mfuniko ndio ulioniudhi. Kingo hazikusagwa, tundu la waya wa pampu hakuliacha, na kila nikimfuata ni "njoo kesho, kaka". Mwishowe nikapeleka kwingine.

Sasa ndani. Mawe yalitangulia, yakakaa juu ya kioo chenyewe na kipande cha plastiki katikati, ndipo nikamwaga mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yakatoka safi. Jiwe likikalia mchanga, mbuna watalichimba chini hadi lianguke, na likigonga kioo basi tena. Nilichagua mawe ya chokaa, ambayo Tanga si ya kutafuta, kwa sababu mbuna wanapenda maji magumu, yaani yenye madini ya chokaa, na yenye alikali.

Mimea ni anubia na java fern. Hii haizikwi, ukilifukia shina lake linaoza. Niliifunga kwenye mawe kwa mshipi mwembamba wa kuvulia, unaopatikana Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, kwa bei ya chee. Wanaidonoa, wanakuta jani gumu, wanaachana nalo. Dume wa bluu ameshachimba kona moja hadi kioo kinaonekana, lakini jiwe halijatikisika wala mmea haujang'oka.

Kwa tangi nitarudi kwa fundi yuleyule, vipimo nikiwa nimemwandikia kwenye karatasi. Mfuniko nitaupeleka kwa mwingine tangu mwanzo.